Duka liko jimbo jingine: kodi unalipa wapi, na nani anajua ulichonunua?

Swali. Habari za kazi. Naishi Aurora, Colorado. Nanunua vitu vingi mtandaoni: vitenge na nywele kwa dada mmoja wa Minnesota anayeuza kwa WhatsApp, vitabu, vyombo na dawa za mtoto kwenye maduka ya majimbo mengine. Duka moja linanikata kodi, jingine halinikati, la tatu limeandika chini ya risiti kwamba huenda nikadaiwa kodi mwenyewe. Jirani yangu anasema serikali hupelekewa orodha ya kila nilichonunua, hadi dawa. Rafiki ananishauri nitumie anwani ya binamu yangu aliye Oregon ili nisikatwe. Halafu nataka kumnunulia mama simu, yeye yuko Mombasa. Kodi nalipa wapi, na nani anaona mambo yangu?

Jibu. Dada, nianze na hilo la orodha, maana ndilo linalokutia hofu. Idara ya Mapato ya Colorado haipokei orodha ya ulivyonunua. Duka linapokukata kodi, linachopeleka serikalini ni jumla tu: mauzo yetu ya mwezi ndani ya Aurora ni kiasi fulani, kodi tuliyokusanya ni kiasi fulani. Jina lako halimo, anwani yako haimo, dawa ya mtoto haimo. Pesa yako imeunganishwa na ya wateja wengine wote wa eneo lako katika mstari mmoja wa fomu. Mtu anayekwepa duka linalotoza kodi kwa kuogopa macho ya serikali amekosea njia, kwa sababu sheria zilizowahi kudai majina ya wateja ziliyadai kwa maduka yasiyotoza.

Hata hivyo jirani yako hakuyatunga. Aliyoyasikia yana historia, na ukiijua utaelewa kwa nini risiti zako tatu zinasema mambo matatu tofauti.

Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Quill dhidi ya North Dakota. Quill ilikuwa ikiuza vifaa vya ofisi kwa katalogi. Mahakama ikasema jimbo haliwezi kulilazimisha duka kukusanya kodi ya mauzo ikiwa duka hilo halina kitu pale jimboni, si ofisi, si ghala, si mfanyakazi. Kodi yenyewe haikufutwa. Ilibaki kwa mnunuzi, kwa jina la kodi ya matumizi: umenunua nje bila kutozwa, umekuja kukitumia kitu hapa, basi lipa mwenyewe kwa kiwango cha hapa. Wanunuzi wengi hawakuwahi hata kuisikia, na maduka ya mtandaoni yalipostawi majimbo yakaona mapato yakiwapita.

North Carolina ikajaribu njia ya mkato. Iliitaka Amazon itoe taarifa za manunuzi yote ya wakazi wake kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2010, manunuzi karibu milioni 50. Amazon ilitoa namba za bidhaa, lakini ikagoma kutoa majina ya waliozinunua. Hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe, kwa sababu serikali ilikwisha kushika namba inayoonyesha kitabu gani kimenunuliwa, na ikipewa jina tu ingejua nani anasoma kuhusu talaka na nani anasoma kuhusu ugonjwa wa akili. Oktoba 2010 jaji Marsha Pechman, huko Seattle, aliamua kwamba kudai utambulisho wa mteja pamoja na undani wa vitabu, filamu na muziki alionunua kunavunja haki ya uhuru wa maoni iliyo katika Katiba, na pia sheria ya mwaka 1988 inayolinda siri ya video mtu anazokodi au kununua. Angalia mpaka wa uamuzi huo: uliegemea vitu vya kusoma, kutazama na kusikiliza. Sufuria na mashuka havina kinga hiyo.

Colorado ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya 2010 haikuomba orodha ya bidhaa. Ililitaka duka lisilotoza kodi lifanye mambo matatu. Kwanza, kwenye kila ununuzi limwambie mteja wa Colorado kwamba huenda anadaiwa kodi. Likikosa, faini dola 5 kwa kila kosa. Pili, kila Januari limtumie mteja aliyenunua kwa zaidi ya dola 500 muhtasari wa mwaka uliopita, kwa posta, bahasha ikiwa imeandikwa nje kwamba ndani mna hati muhimu ya kodi. Tatu, ifikapo 1 Machi liipelekee Idara ya Mapato jina la kila mteja, anwani ya malipo, anwani za kupelekea mizigo na jumla ya fedha alizotumia. Jumla tu. Muhtasari wa mteja ungeweza kutaja aina ya bidhaa, lakini faili la serikali halikuruhusiwa kusema mtu kanunua nini.

Wafanyabiashara waliipinga mahakamani kwa miaka. Februari 2016 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 10 ikaikubali, na ikaanza kutumika 1 Julai 2017. Majimbo mengine yakaiga, miongoni mwao Louisiana, Oklahoma, Pennsylvania, Vermont na Washington. Kipindi hicho maduka mengi yaliwatumia wateja barua za kuwaarifu kwamba jina lao limepelekwa serikalini, na maneno ya jirani yako yana harufu ya barua hizo.

Kisha tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4 ikaifuta Quill. Tangu hapo duka halihitaji kuwa na ghala jimboni ili lilazimike kutoza. Linahitaji mauzo ya kutosha tu. South Dakota iliweka dola 100,000 kwa mwaka, nayo Colorado ikaweka kiasi hicho hicho. California na Texas zimeweka 500,000. Missouri ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuanza kutumia sheria kama hiyo, Januari 2023. Watu waliulalamikia uamuzi huo kwa sababu ya bei kupanda, lakini kwa faragha mimi nauhesabu kuwa neema. Duka likishatoza, hakuna sababu ya kumtaja mtu. Sheria za kuripoti majina zilipoteza kazi yake karibu yote.

Sasa tuzichukue risiti zako.

Hiyo yenye kodi isome mstari kwa mstari. Kodi ya mauzo kati ya majimbo hufuata mahali mzigo unapofikia, si mahali duka lilipo. Tuseme umenunua mashuka ya dola 120. Ukiwa Aurora upande wa kaunti ya Arapahoe, kiwango ni asilimia 8.00: jimbo 2.9, jiji 3.75, usafiri wa umma wa RTD 1.0, mfuko wa utamaduni 0.1, kaunti 0.25. Hiyo ni dola 9.60. Ukiwa upande wa kaunti ya Adams, kaunti inachukua 0.75, kiwango kinakuwa 8.50 na kodi dola 10.20. Jiji lile lile, senti 60 mbali. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha cha anwani yako kwenye ramani ya viwango iliyo katika tovuti ya Idara ya Mapato ya Colorado. Unaandika nyumba na mtaa, inakupa mchanganuo wote.

Chini yake utaona ada ndogo ya senti ishirini na kitu. Hiyo ni ada ya Colorado ya kupelekewa mzigo kwa gari. Ilianza Julai 2022 kwa senti 27, na hurekebishwa kidogo kila Julai. Hutozwa mara moja kwa oda, hata kama vitu vimekuja kwa maboksi matatu. Duka dogo limesamehewa, kwa hiyo usishangae ukiikosa. Gharama ya usafirishaji yenyewe kwa kodi ya jimbo haitozwi Colorado ikiwa imeandikwa peke yake na mteja angeweza kuiepuka, kwa mfano kwa kwenda kuchukua mwenyewe; miji yenye mamlaka yake ya kodi inaweza kuwa na kanuni tofauti. Nepi na taulo za kike zimetolewa kwenye kodi ya jimbo. Dawa iliyoandikwa na daktari haina kodi, lakini ile ya kujinunulia bila cheti hutozwa.

Makosa hutokea wapi? Mara nyingi kwenye msimbo wa posta. Tarakimu tano za posta hazifuati mipaka ya jiji wala kaunti. Duka linalokokotoa kwa tarakimu hizo peke yake linaweza kukuhesabu mkazi wa Adams ilhali uko Arapahoe, au kukutoza kodi ya Denver. Maduka makubwa hutumia kampuni za kukokotoa kodi kama Avalara na Vertex, ambazo husoma anwani nzima. Kosa la pili ni baya zaidi: muuzaji mdogo anakutoza kodi ya jimbo lake yeye. Ukikubali, unalipa mara mbili, kwa sababu Colorado hukupunguzia kodi uliyolipa kwingine ikiwa tu ilikuwa halali kutozwa huko, na mzigo uliotumwa Aurora haukupaswa kutozwa ya huko.

Ukitozwa zaidi, mwandikie muuzaji kwanza. Andika namba ya oda, anwani ya kupokelea, kiwango ulichotozwa na kiwango sahihi, kisha omba tofauti irudishwe. Wengi hurudisha, kwa sababu pesa bado wanayo na wanaweza kurekebisha hesabu yao ya mwezi. Akikataa, Colorado ina fomu namba DR 0137B ya mnunuzi kuomba kurejeshewa kodi aliyomlipa muuzaji kimakosa. Kwa senti 60 sidhani utapenda kuijaza. Kwa friji au kompyuta inalipa.

Tuje kwa duka lisilotoza na lile lililoandika chini ya risiti kwamba huenda ukadaiwa. Mara nyingi haya mawili ni kitu kimoja: muuzaji mdogo ambaye hajafikia dola 100,000 za mauzo Colorado. Hajavunja sheria kwa kutokutoza. Maandishi ya chini ya risiti ni lugha iliyobaki ya ile sheria ya 2010, naye anakwambia ukweli. Mauzo yanayopita Amazon, eBay, Etsy na masoko ya namna hiyo ni habari nyingine: soko lenyewe ndilo linalotoza kwa niaba ya muuzaji, hata awe mdogo vipi.

Dada yako wa Minnesota anaingia kwenye kundi hilo la wadogo. Anauza mwenyewe kwa WhatsApp, unamlipa kwa Zelle, ile huduma ya benki ya kutumiana pesa, hakuna soko katikati. Kwa mzigo unaokuja Colorado hadaiwi kutoza kitu mpaka afikie kiwango. Deni ni lako. Ukinunua vitenge vya dola 180, kodi ya matumizi ya jimbo ni 2.9, yaani dola 5.22, na ya RTD na utamaduni kwa pamoja ni 1.1, yaani dola 1.98. Jumla dola 7.20. Kwa mtu binafsi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuijumlisha kwenye hesabu ya kodi ya mapato ya Colorado kwa kutumia jedwali namba DR 0104US. Ya pili ni kujaza fomu DR 0252 peke yake, mwisho wake 15 Aprili ya mwaka unaofuata. Zote mbili zinaomba jumla ya fedha ulizotumia bila kodi. Hakuna mahali pa kuandika ulinunua nini wala kwa nani. Aurora ni miongoni mwa miji inayosimamia kodi yake yenyewe, kwa hiyo sehemu ya jiji haimo katika fomu za jimbo. Iulizie ofisi ya kodi ya jiji.

Utaambiwa hakuna anayefuatilia dola saba. Ni kweli kwamba ni nadra mtu binafsi kufuatwa kwa vitenge. Lakini kwa wengi wetu kuna jambo moja ambalo jirani mzaliwa wa hapa hana. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza kama una kodi yoyote ya serikali kuu, jimbo au mtaa iliyopita muda wake bila kulipwa, na jibu unalitia saini kwa kiapo. Kulipa dola chache kila Aprili kunakuacha ukijibu bila kigugumizi. Ukiwa na deni la miaka mingi na maombi yako yamekaribia, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika chochote.

Weka daftari au faili moja kwenye simu: tarehe, muuzaji, kiasi, kodi iliyotozwa. Kwa manunuzi ya WhatsApp, piga picha ya mazungumzo yanayoonyesha bei na ya uthibitisho wa malipo siku hiyo hiyo, kwa sababu simu ikipotea mazungumzo yanaweza kupotea nayo. Tunza kwa miaka minne.

Ushauri wa anwani ya Oregon uache. Oregon haina kodi ya mauzo, kama zilivyo Delaware, Montana na New Hampshire. Alaska nayo haina ya jimbo ingawa miji yake mingi inatoza. Lakini kitu kikishafika Oregon kisha kikaja kutumika Aurora, kodi ya matumizi ya Colorado inakungoja pale pale. Umelipa usafiri mara mbili ukaongeza na uongo juu yake. Na kifaragha umejiharibia: sasa duka lina anwani yako na ya binamu yako, zimeunganishwa chini ya jina moja na kadi moja. Benki hulinganisha namba ya nyumba na msimbo wa posta wa anwani ya malipo. Duka nalo likiona kadi ya Colorado na mzigo wa Oregon linaweza kuusimamisha likadhani kadi imeibwa. Zawadi ya kweli kwa binamu ni halali kabisa: inapokelewa kwake, inatumika kwake, na kodi inafuata kwake.

Sasa faragha yenyewe, na hapa nataka unisikilize vizuri. Serikali ya jimbo haijui ulichonunua, lakini duka linajua, na duka halikai kimya. Ukurasa wa malipo wa duka la kawaida huwa na vipande vya programu vya Meta, Google na wengine, vinavyochukua kitu ulichotazama na barua pepe uliyoandika na kuvioanisha na akaunti zako za mitandao. Ndiyo sababu ukitafuta dawa ya mtoto asubuhi, jioni matangazo yake yanakufuata Instagram. Kampuni ya kukokotoa kodi nayo hupokea anwani yako, bei, na namba ya kundi la bidhaa. Mkaguzi wa kodi akilikagua duka anaweza kuziona ankara, ila sheria ya Colorado inamkataza kutoa nje anachokiona. Sheria ya namna hiyo haimfungi mtangazaji.

Kwa hiyo linda upande unaovuja. Nunua kama mgeni, bila kufungua akaunti, kwa duka unalonunua mara moja tu. Tumia barua pepe ya manunuzi iliyo tofauti na ile ya Facebook. Anwani ya kupokelea lazima iwe ya kweli, bila hiyo kodi haihesabiki na mzigo haufiki. Tarehe ya kuzaliwa haihitajiki kwa kodi wala kwa usafiri, iache wazi. Kisanduku cha kukubali ujumbe wa matangazo kwa simu mara nyingi kimeshawekwa alama, kiondoe. Kadi ya muda inayotolewa na benki huficha namba yako ya kweli kwa duka, na hilo ni zuri dhidi ya wezi, ingawa haifichi jina wala anwani.

Colorado inakupa silaha nyingine. Sheria yake ya faragha ilianza 1 Julai 2023, na tangu 1 Julai 2024 kampuni inayobanwa nayo lazima iheshimu ishara ya kivinjari iitwayo Global Privacy Control, inayosema data zangu zisiuzwe wala zisitumike kwa matangazo ya kunifuata. Vivinjari vya Brave na DuckDuckGo huituma vyenyewe. Kwenye Firefox ingia mipangilio ya faragha uiwashe. Pia unaweza kuandikia duka likuonyeshe lilichonacho juu yako, lisahihishe au lifute. Lina siku 45 za kujibu na linaweza kuongeza 45 nyingine likikueleza sababu. Likikataa, una haki ya kukata rufaa ndani ya kampuni hiyo hiyo, kisha kulalamika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Wewe binafsi huwezi kulishtaki kwa sheria hii. Usishangae likikujibu kwamba ankara halifuti. Kumbukumbu za mauzo linatakiwa kuzitunza kwa ajili ya ukaguzi wa kodi, na hapo lina haki. Omba lifute historia ya ulivyotazama na likutoe kwenye orodha za matangazo. Hivyo havihusiani na kodi.

Sheria hiyo hugusa kampuni zenye data za wakazi 100,000 wa Colorado kwa mwaka, au 25,000 kama zinauza data. Muuza vitenge haimgusi. Kwake linda kwa mazungumzo. Wauzaji wengi wa WhatsApp hupiga picha vifurushi kabla ya kuvipeleka posta na kuviweka kwenye status ili wateja waone biashara inakwenda. Lebo inasomeka: jina lako kamili, namba ya nyumba, namba ya simu. Kila aliye na namba ya muuzaji anakuona. Mwambie kwa upole, dada yangu, kifurushi changu kigeuze lebo chini. Usimtumie picha ya kitambulisho. Hakihitaji ili kukuuzia kitambaa. Na kumbuka Zelle ni kama fedha taslimu, mzigo usipofika hakuna wa kukurudishia.

Kuna barua na ujumbe wa simu wa matapeli unaozunguka kwa jina la kodi. Wenye kudai "tumeona ulichonunua, lipa sasa kwa kubofya hapa" ni wa uongo, na sasa unajua sababu: jimbo halina orodha hiyo ya kukutisha nayo. Idara ya Mapato haidai kodi kwa kadi za zawadi. Barua yake ya kweli ina namba ya barua, nawe unaweza kuihakiki kwa kuingia mwenyewe Revenue Online, tovuti ya idara, bila kupitia kiungo chochote ulichotumiwa.

Kwa wasomaji wa majimbo mengine, msingi ni huo huo ila namba hubadilika. Kentucky hutoza asilimia 6 jimbo zima, hakuna ya mji juu yake. New York City ni 8.875, lakini nguo au viatu vya chini ya dola 110 kwa kimoja havitozwi. Minnesota na Pennsylvania hazitozi nguo za kawaida. California ina mstari wa kodi ya matumizi ndani ya fomu ya kodi ya mapato.

Imebaki simu ya mama. Duka likiituma lenyewe moja kwa moja hadi Mombasa, hakuna kodi ya mauzo ya jimbo lolote la Marekani. Ikija kwanza nyumbani kwako Aurora, utatozwa ile 8 au 8.5, na ukiibeba kwenda nayo Kenya hutarudishiwa uwanja wa ndege. Marekani haina utaratibu wa kitaifa kama wa Ulaya. Ukiipeleka kwa wakala wa mizigo, kodi inafuata ghala lake. Wakala mwenye ghala Delaware hutatozwa. Mwenye ghala New Jersey utatozwa 6.625. Muulize anwani kabla ya kulipia simu.

Ila njia ya Mombasa ndiyo mahali pekee ambapo serikali itataka kujua hasa ulichonunua. Forodha haitozi kwa jumla kama kodi ya mauzo, hutoza kwa aina ya bidhaa na thamani yake, kwa hiyo tamko la mzigo lazima liandike simu, modeli na bei, na mpokeaji huombwa namba yake ya PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kenya itatoza VAT ya asilimia 16 pamoja na ushuru na ada nyingine za forodha. Wakala naye ataliona boksi na ankara. Mpelekee ankara ya simu peke yake. Kama oda ilikuwa na vitu vyako vingine, inunue simu kwa oda yake tofauti tangu mwanzo, ili vitabu na dawa za mtoto visisafiri kwenye karatasi hiyo. Bei iandikwe ile uliyolipa: forodha wakiitilia shaka wataikadiria wao, na mzigo utakaa ghalani kwao ukihesabiwa siku.